Maji Matamu ya Chumvini

Wa kwanza alikuwa Malogo, fundi viatu. Alikuwa akipigilia soli, nyundo ikamtoka mkononi, akainama kuiokota, hakuinuka. Waliokuwa barazani walicheka.

"Fundi, leo umeanza pombe asubuhi!"

Kisha wakaona macho yake. Yalizunguka yakimtazama kila mmoja wao, macho mazima yenye akili zake zote, ndani ya mwili uliokataa kutumwa. Wakaacha kucheka, wakambeba.

Wiki haikwisha, wadi ya Daktari Asteria ikajaa watu wa namna hiyo. Hawakuwa na homa wala jeraha. Walisikia, walielewa, wengine waliweza hata kutukana kwa sauti ndogo, lakini mikono na miguu yao ilining'inia kama nguo iliyoloweshwa. Kwa baadhi yao moyo nao ulianza kuruka mapigo. Uliruka moja, ukaruka jingine, mwishowe ukasahau kurudi. Malogo alizikwa siku ya soko na soko halikufungwa, kwa sababu hapakuwa bado na aliyejua kwamba msiba ule ulikuwa wa mji mzima.

Ndahani, mkemia wa maji wa Chumvini, aliitwa wadini mchana.

"Damu yao imepungukiwa potasiamu," Daktari Asteria alimwambia. Alikuwa mwanamke mfupi asiyependa kuzungusha maneno. "Haijatoka mwilini. Kuna kitu kimeisukuma ndani ya misuli na kuifungia mlango. Vitu vinavyofanya hivyo ni vichache, na kimoja kimo kabatini mwangu."

"Kipi?"

"Bariamu. Ule uji mweupe ninaowanywesha watu kabla ya kuwapiga picha ya utumbo."

"Uji ule hauui."

"Hauui. Ndiyo maana nimekuita wewe, sikuita polisi."

Ndahani alikinga maji ya bomba la wadi kwa bilauri. Yalikuwa maangavu na matamu, maji yaliyompa jina nchi nzima. Akachukua kwenye rafu ya dawa chumvi ya haluli, ile ile ambayo bibi zetu waliwanywesha watoto waliofunga choo, akaikoroga katika maji safi ya sindano, akadondosha kidogo ndani ya bilauri. Wakangoja. Wingu jepesi jeupe likajitokeza katikati ya maji, likashuka polepole, likatua chini kama unga.

Haluli ni salfeti ya magnesiamu, na maji yasiyo na kitu hayatoi unga kwa kutiwa haluli.

*

Mji wa Chumvini ulikaa chini ya Paa, kitambaa kikubwa kilichotandazwa juu ya nguzo kutoka kilima hadi kilima, maana nje yake jua la mchana lilikuwa limeshakuwa jua la kuua. Chini ya Paa palikuwa na kisima kimoja kirefu, na maji yake yalikuwa machungu. Chai ilikuwa chungu. Mgeni akinywa asubuhi, mchana anauliza choo kiko wapi. Ndipo Ndahani alipouleta Ungo.

Ungo ulikuwa kitu hai. Ulikuwa utando mwembamba aliouotesha katika beseni, akaupanda kisimani, nao ukaota ndani ya mabomba yote hadi kwenye kila koki ya kila nyumba, mwili mmoja, kama uyoga unavyoshikana chini ya ardhi. Haukuendeshwa kwa hesabu. Ulifundishwa kwa ulimi. Mwonjaji aliwekewa uzi mwembamba wa Ungo ulimini, akanywa, na kile ambacho mwili wake ulikikataa Ungo ulijifunza kukizuia. Kile ulichokifurahia, Ungo ulikiacha kipite. Waonjaji walikuwa vijana, waliochaguliwa kwa ukali wa ndimi zao, na wote walikataa kitu kimoja. Ungo ukauondoa uchungu. Siku maji matamu yalipotoka watu walioga barabarani na nguo zao, na Mwenyekiti Kapaya akachaguliwa tena bila mpinzani.

Uchungu ule ulikuwa salfeti.

Ndahani alilijua somo hili tangu darasani, na lilimchoma zaidi kwa sababu alilijua. Magnesiamu, kalsiamu, strontiamu na bariamu ni ndugu wa mstari mmoja, kila mmoja mzito kuliko aliyemtangulia. Wape salfeti: magnesiamu itayeyuka majini kama sukari, kalsiamu itakuwa jasi inayoyeyuka kwa kusitasita, strontiamu itayeyuka kidogo mno, na bariamu itaganda kuwa jiwe ambalo hata asidi ya tumbo hailiwezi. Hiyo ndiyo siri ya uji mweupe wa hospitali: bariamu inaingia imefungwa na inatoka imefungwa. Lakini wape haidroksidi, mstari unasimama kichwa chini. Magnesiamu ndiyo inayogoma, ile dawa nyeupe ya kiungulia ambayo lazima uitikise chupa kwanza, na bariamu ndiyo inayoyeyuka kwa urahisi. Katika ukoo huu hakuna mpole wa kuzaliwa wala mkali wa kuzaliwa. Uliza ameshikana mkono na nani.

Chini ya Chumvini palikuwa na mshipa wa kaboneti ya bariamu. Hiyo majini huyeyuka kidogo tu, lakini kidogo hicho kinatosha kuua, na ikifika tumboni asidi humaliza kazi. Miaka yote maji machungu yalipoupitia mshipa ule, salfeti iliigandisha bariamu papo hapo na kuuvika mwamba ngozi. Kisha ukaja Ungo. Ili kisima kisikauke, sehemu ya maji matamu ilirudishwa ardhini, na maji yale yalipenya nyufa mpya, yakaukuta mwamba uko uchi, yakarudi juu na mzigo.

Bariamu kwa kiasi kile haina ladha. Hakuna ulimi wa kijana ambao ungeikataa.

*

Katika mtaa wa Nguzo Ndefu kila nyumba ilikuwa na mgonjwa isipokuwa moja, nayo ilikuwa ya Bibi Mbeleje, mama yake Ndahani.

"Mbukwa, mama."

"Mbukwa," mama yake aliitikia salamu. "Umekuja kunizika? Ngoja kwanza nipike."

Bibi Mbeleje alikuwa ameketi mlangoni akichambua majani ya mlenda, na vidole vyake vilikwenda mbio kuliko vya msichana. Jirani alipita na bakuli la togwa, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Onja wewe kwanza," Bibi Mbeleje alisema.

Jirani alicheka, akapiga funda moja. "Bibi, tumezeeka pamoja bado unaniogopa?"

"Sikuogopi. Nakupa heshima ya kutoshukiwa."

Ndivyo ilivyokuwa desturi pale, tangu kabla ya Paa. Anayekupa kinywaji anakionja mbele yako, awe jirani, awe shemeji, awe padri. Anayesamehewa ni mtoto wa tumbo lako tu.

Ndahani aliingia ndani, akachota kata ya maji mtungini, akampa mama yake. Aliipokea bila kuitazama, akanywa nusu. Iliyobaki Ndahani aliinywa mwenyewe, akakunja uso.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni maji. Yale yenu hayana baba. Yanapita kooni kama mtu asiyebisha hodi." Alicheka kwa fahari. "Nakwenda ukingoni kwa Paa alfajiri, nakwangua chumvi ya mbugani, natia kidogo mtungini. Mlenda bila uchungu kidogo hauvutiki. Hata baba yako alikuwa hali mlenda wa mwanamke mwingine."

Ndahani alilamba chembe ya chumvi ile kwenye kidole. Haluli, pamoja na uchafu wa mbuga. Mwanamke huyu alikuwa akijifungia bariamu kila siku katika mtungi wake, kwa sababu ya ubishi na mlenda.

*

"Uzime huo Ungo," alisema Mwenyekiti Kapaya.

"Ukizimwa unakufa. Ukifa unaozea ndani ya mabomba yote. Hatutakuwa na maji mpaka mvua."

"Basi tia hiyo chumvi kwenye tangi kuu."

"Ungo uko kwenye kila koki, Mwenyekiti. Nikiitia kwenye tangi, utaichuja mlangoni kwa mtu."

Kapaya alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyezoea kumaliza mambo kwa mzaha. Siku ile mzaha ulimtoka kwa shida. "Tuwagawie watu chumvi nyumbani."

"Lazima tuwaambie ni ya nini," alisema Daktari Asteria.

"Aa, hapo hapana. Ukitamka sumu chini ya Paa hili, watu watatoka nje kwa pamoja na watoto mgongoni. Jua litawamaliza kabla hawajafika kilima cha pili. Daktari, utawazika wewe?"

Wote watatu waliwahi kuona mtu aliyetembea nje mchana.

"Ungo ungefundishwa upya," Ndahani alisema taratibu, akitazama meza. "Angepatikana mtu ambaye mwili wake unaukubali uchungu kwa dhati na kuukataa utamu. Si kwa kujilazimisha. Ungo haudanganyiki."

Kapaya akacheka kweli. "Mtu wa hivyo yupo mmoja mji mzima! Kila mkutano anasimama mbele ya watu: 'Kapaya, nirudishie maji yangu!' Si mama yako yule?"

Kicheko kilikatika alipomwona Ndahani hacheki. Ndahani alikuwa ameshafikiri hivyo tangu alipolamba kidole.

Nje, Daktari Asteria alimshika mkono. "Nieleze mafunzo yanakwendaje."

"Kwanza kuzoeana. Siku kadhaa anakunywa maji ya Ungo peke yake, uzi ukiwa ulimini, mpaka Ungo uujue mwili wake. Bila hivyo haumsikilizi. Kisha anapewa kikombe cha uchungu."

"Maji ya Ungo peke yake. Yaani utamnyang'anya chumvi yake."

"Kikombe cha uchungu nacho ni haluli. Ndicho somo na ndicho dawa. Akikifikia mzima, anapona papo hapo."

"Na asipokifikia mzima?"

Ndahani aligeuka kutazama mtaa wa mama yake.

"Basi mwambie," daktari alisema. "Yule mama si mtoto. Mwambie, achague."

"Mwonjaji haambiwi kilichomo kikombeni. Ndiyo kanuni ya kwanza. Akijua, Ungo hausomi ulimi, unasoma woga. Ukijifunza woga utazuia kila kitu, na mji utakauka."

"Bwana Ndahani, mtu akinyweshwa sumu bila kujua, hospitalini kwangu hatusemi amefundisha. Tunasema ametiliwa sumu."

"Na hao walioko wadini mwako, wao nani amewauliza?"

Daktari alimwachia mkono. Aliahidi kukaa chumba cha pili na sindano za potasiamu tayari. Zaidi ya hapo hakuahidi.

*

Bibi Mbeleje alivaa khanga mpya siku ya kwenda kuonja. Alipita mtaani akitangaza.

"Wameniita! Walisema ulimi wangu ni wa zamani, leo wamekuja kuutafuta wenyewe!"

Alikaa kwenye kiti cha waonjaji kama bibi harusi. Ndahani alimwekea uzi ulimini kwa mikono yake.

"Mtungi wangu uko wapi?"

"Siku hizi chache utakunywa ya Ungo tu, mama. Ndiyo utaratibu."

"Utaratibu gani wa kumnyima mtu chumvi yake?"

"Wa kazi."

"Haya. Kama ni kazi yako." Akanyoosha mkono, akapokea kikombe cha kwanza, hakukitazama, hakumtazama mwanawe. Akanywa chote, akasonya. "Hayana baba."

Ukutani, beseni la Ungo lilibadilika rangi kidogo, kama ngozi ya mtu anayesikiliza.

Ndahani alimpa maji asubuhi na mchana na jioni. Bibi Mbeleje alisimulia habari za baba yake Ndahani, za mbuzi aliyekula hati ya kiwanja, za Kapaya alipokuwa mtoto mwenye makamasi. Alisema chai ya waonjaji ni ya wagonjwa. Alidai mlenda. Ndahani alicheka alipotakiwa kucheka. Kila alipokabidhi kikombe alitumaini kwamba mara hii mama yake ataitazama sura yake na kuuliza, na kila mara alifurahi alipokosa kuuliza.

Kisha mkono ulioshika kikombe ukaanza kutetemeka.

"Uzee," alisema mama yake.

"Ndiyo, mama."

Beseni lilikuwa bado halijageuka zambarau, dalili ya kuzoeana kamili. Daktari alisimama mlangoni. "Sasa," alinong'ona. "Mpe haluli sasa."

"Bado kidogo. Ukikatishwa hapa, lazima tuanze upya, na wa kuanza naye upya hatutakuwa naye."

"Moyo wake umeruka. Nimeuhesabu."

"Kikombe kimoja tu."

Akakijaza mwenyewe. Mama yake hakuweza tena kunyanyua mkono, kwa hiyo alimwinua kichwa, akamnywesha kama anavyonyweshwa mtoto. Macho ya Bibi Mbeleje yalikuwa wazi, yakimtazama kwa karibu kabisa. Midomo ilijaribu kusema kitu, haikuweza. Akameza. Alimeza kwa sababu aliyeshika kikombe alikuwa mwanawe.

Beseni likageuka zambarau.

Ndahani alikichukua kikombe cha uchungu kwa haraka hata kikamwagika nusu, akakijaza tena, akamimina katikati ya midomo ile iliyolegea. Mwanzo maji hayakupita. Kisha koo likacheza. Na uso wote wa mwanamke yule, uliokuwa umelala kama udongo, ukatulia kwa namna nyingine, kama mtu aliyefika nyumbani akavua viatu. Hapo daktari akamsukuma Ndahani pembeni na kuchoma sindano yake.

Utando wa Ungo ulitetemeka toka ukuta hadi ukuta. Alasiri ile, katika kila nyumba ya Chumvini, maji yakatoka machungu.

*

Watu waliokuwa wakiumwa walipewa maji yale wadini na wengi wao wakaanza kushika vijiko wenyewe. Hapana aliyeambiwa kwa nini. Kapaya alitangaza kwamba Ungo umepata hitilafu, kwamba mkemia amefanya makosa katika kuutunza, na kwamba wananchi wawe na subira. Wakati ule ule watu walitupa chai yao barabarani. Kioo cha dirisha la Ndahani kilivunjwa kwa jiwe, na ukutani kwake mtu aliandika kwa makaa: MCHAWI WA MAJI. Hakufuta. Kwa upande mmoja aliona wameandika kweli.

Mama yake alirudi nyumbani na mkono mmoja. Wa kushoto ulibaki ukining'inia, na daktari alisema hautaamka. Alianza kuchambua mlenda kwa mkono wa kulia, bakuli likiwa limebanwa kwa magoti.

Ndahani alimkuta mlangoni.

"Mbukwa, mama."

"Mbukwa." Aliendelea kuchambua. "Daktari alikuja jana. Ameniambia vyote. Amesema hawezi kulala navyo."

Ndahani alipiga magoti. "Mama..."

"Inuka, watu wanapita. Nataka kukuuliza jambo. Ulidhani ningekataa?"

"Nilidhani ungeogopa. Mwonjaji akijua, Ungo unasoma woga."

"Uliwahi kumjaribu mwonjaji anayejua?"

Hakuwahi. Kanuni ile aliitunga mwenyewe, mwanzoni kabisa, kwa ajili ya vijana wa miaka ishirini waliokuwa wakicheka na kukonyezana juu ya viti vyao. Tangu hapo aliisema mara nyingi mpaka ikawa elimu.

"Hapana," alisema.

"Mimi nilikuzaa mwaka ambao jua liliua ng'ombe wote wa mbuga hii. Nilikuvusha hadi chini ya Paa mgongoni. Woga naujua ladha yake, na ulimi wangu haujapata kusema uongo kwa ajili yake." Alitupa bua pembeni. "Ningekunywa, Ndahani. Kwa ajili ya mke wa Malogo. Kwa ajili ya hao wanaovunja vioo. Hata kwa ajili ya Kapaya na tumbo lake. Ungeniomba, ningekupa, nikafa nikijua nimetoa kitu. Sasa sikutoa. Niliibiwa."

Hakuwa na sauti ya hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Mtaani wanawake walipita na ndoo zao, wakiyalaani maji kwa sauti, wakimwona Ndahani, wakinyamaza, wakiendelea mbele wakiyalaani tena.

"Koo limenikauka," mama yake alisema baadaye.

Ndahani aliinuka kwa haraka, akashukuru kupata la kufanya. Mtungi ulikuwa umefunikwa kifudifudi pembeni. Haukuwa na kazi tena. Alifungua koki, akajaza kikombe, akarudi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Bibi Mbeleje hakunyoosha mkono. Kwa mara ya kwanza alikitazama kikombe, kisha akamtazama yeye.

"Onja wewe kwanza."

Ndahani alionja. Yalikuwa machungu, maji salama kabisa. Mama yake alipokea kikombe kwa mkono ule mmoja, akanywa hadi mwisho, akamshukuru vizuri, kama anavyoshukuriwa jirani.